Sura ya 6: Mbalamwezi Haina Marejesho

Mfanyabiashara mkubwa wa Unguja wa miaka ya 1860 alikuwa na kero ambayo mkurugenzi wa kampuni ya simu wa leo angeielewa kabla hajamaliza kusimuliwa. Mtaji alikuwa nao. Ghala limejaa merikani, kaniki, shanga na masango. Faida aliijua iliko: ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako pembe za ndovu zilinunuliwa kwa bei ya kuchekesha ukilinganisha na ya forodhani. Kilichomtatiza ni njia. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni miezi ya kutembea kwa miguu, kila mtemi na hongo yake, na aliyekabidhiwa mali huenda asionekane tena kwa miaka. Sasa amkabidhi nani?

Taria Topan, Khoja kutoka Kachi aliyefika Unguja akiwa mtoto na baadaye akaja kuushika ushuru wa forodha wa Sultani, alilijibu swali hilo kwa kumkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip. Safari kubwa ya Tippu Tip ilianza karibu na mwaka 1870, na hakurudi Unguja hadi 1882. Zaidi ya miaka kumi tajiri anasubiri fedha yake, bila hesabu zilizokaguliwa wala taarifa ya robo mwaka. Alichokuwa nacho Taria ni mambo mengine. Mkopaji alitoka katika ukoo unaojulikana mjini. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Tabora na alioa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, kwa hiyo njia ya katikati ilikuwa na wenyewe. Safari zilizotangulia zilikwisha kulipa. Na deni lingemshinda, mji ule asingeweza kuukanyaga tena kwa heshima. Tusiipambe biashara hiyo: pembe zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa bidhaa pia. Lakini namna ya kuchagua mtu wa kumkabidhi mali ilifanyiwa kazi pale kwa makini kuliko inavyofanyiwa katika ofisi nyingi za leo.

Ujiji kwenyewe palidai ujuzi wa aina nyingine. Nguo iliyokubalika Tabora haikununua kila kitu kwenye soko la ziwani. Wasafiri wa miaka ya 1870, Cameron akiwa mmoja wao, waliandika kwamba soko lile lilitembea kwa shanga zilizoitwa sofi, na mgeni alibadilisha kwanza mali yake kwa shanga kabla hajanunua hata samaki. Kiwango cha siku alikijua mwenyeji. Tajiri wa Unguja, na utajiri wake wote, hakukijua, na wala hakuhitaji kukijua, mradi mtu wake alikuwa na mtu wa Ujiji anayekijua.

Wajerumani ilipofika zamu yao walilikwepa swali zima. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Anayeweza kuja na kila kitu hadi ribiti za mwisho hahitaji mshirika. Kampuni kubwa za leo hazina nafasi hiyo, hata zile zenye majengo ya vioo Dar es Salaam, kwa sababu zinachouza huku mwisho wa reli ni kitu cha shilingi mia tano mia tano, kwa watu wengi mno, kila siku ya Mungu. Hapo lazima apatikane mtu. Na siku hizi mtu huyo huitwa kampuni changa.

Habari za umeme wa jua ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi anavyopatikana.

Oktoba 2012 M-KOPA ilianza kuuza Kenya taa za sola kwa mkopo, mteja akitoa kianzio kisha shilingi 40 hivi za Kenya kwa siku kupitia M-Pesa. Safaricom ilikuwa mshirika tangu mwanzo. Mmoja wa waanzilishi, Nick Hughes, alikuwa Vodafone miongoni mwa walioibuni M-Pesa yenyewe. Kwa maneno mengine, aliyebisha hodi alikuwa anaijua nyumba, pamoja na chumba anacholala mwenye funguo. Uganda, MTN iliichagua Fenix, kampuni iliyozaliwa San Francisco, iwe mshirika wake, na sababu yake ni ya kufurahisha kwa jinsi ilivyo ya kibiashara: simu isiyo na chaji hainunui muda wa maongezi. MTN haikuwa na shauku ya kuangaza vijiji. Ilitaka simu za wateja wake zisizimike. Fenix ilikuwa na betri, MTN ikawa na maduka, mawakala na jina, wakaoana. Mwaka 2017 ENGIE ya Ufaransa ikatangaza kuinunua Fenix yote.

Huku kwetu Off Grid Electric ilianzia Arusha. Mwaka 2014 SolarCity ya Marekani ikawa miongoni mwa walioweka fedha, na mwaka 2016 EDF, shirika la umeme la Ufaransa, likaingia nayo ubia wa Ivory Coast. Mobisol ya Berlin nayo ilitanda Tanzania na Rwanda kwa mitambo mikubwa zaidi, inayowasha hata televisheni, hadi Aprili 2019 ilipoomba ulinzi wa mufilisi. Mwaka huohuo ENGIE ikaichukua hiyo pia.

Jiulize ENGIE ilinunua nini kwenye kampuni iliyoishiwa. Paneli zinatoka China na yeyote mwenye fedha anaziagiza. Taa, vivyo hivyo. Programu ya kufungia taa ya asiyelipa si muujiza tena. Kilichokuwa cha thamani ni wateja wenyewe na historia ya malipo yao: nani hulipa, hulipa siku gani, akikwama hukwama kwa muda gani, na jirani yupi wa kumpigia simu. Hilo halitengenezwi kiwandani. Linapatikana kwa kukopesha watu, kupata hasara, na kukopesha tena kwa akili zaidi.

Ukiwaangalia waliochaguliwa utaona wanafanana. Waanzilishi wengi ni wageni au wana miguu miwili, mmoja huku mmoja ng'ambo. Wanazungumza Kiingereza cha vikao, wanajua kuandaa mawasilisho ya kurasa kumi, wana mwekezaji ambaye mkurugenzi wa Paris amewahi kusikia jina lake. Sisemi hawakustahili. Nasema kampuni kubwa huchagua kwa kutazama kinachoonekana kutoka mahali ilipokaa, na kutoka Paris, au hata kutoka Masaki, Kibirizi haionekani.

Basi twende Kibirizi, mwalo ulio kaskazini mwa mji wa Kigoma, alfajiri. Vyombo vinarudi, mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na wavu katikati yake. Taa zilizokuwa zikiita dagaa usiku kucha zimezimwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na moshi wake uliwaweka wavuvi weusi puani. Sasa nyingi ni za betri. Kina mama wanaingia majini hadi magotini na mabeseni, bei inatajwa, inapingwa, inatajwa tena, na kila chombo kinachogota kinaisukuma chini kidogo. Tajiri, ndivyo mwenye chombo anavyoitwa, anatoa kwanza gharama za usiku, ndipo kinachobaki kigawanywe kati yake na wavuvi wake. Dagaa wanakwenda kwenye vichanja na mchangani. Jua likiwaka vizuri, kesho mzigo umekauka na una bei. Mvua ikinyesha, mzigo ni wa kuku.

Hapa wanunuzi wengine wametoka Kongo na Burundi, na mzigo mwingine unaondoka kwa reli au malori kwenda mikoa ya mbali. Boti za abiria zinapakia za Mwamgongo na Kagunga, vijiji ambavyo mtu wake akisema anakwenda mjini, anakwenda kwa maji. Kandokando ya mwalo wapo mawakala wa fedha za simu, kila mmoja na kibanda na daftari. Wakala wa mwaloni ana taarifa ambazo kampuni yake haina. Kampuni inaona kwamba fulani ametuma shilingi laki mbili. Wakala anajua kuwa laki mbili hizo ni za dagaa wa jana, kwamba mwenye nazo ana chombo kingine matengenezoni, na kwamba kesho atakuja kuomba atumiwe kwanza, atalipa jioni. Na anajua kama atalipa.

Tena anajua mwezi umefikia wapi. Dagaa hufuata taa kwa sababu usiku ni giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi inakosa kazi. Vyombo hukaa mchangani kwa siku kadhaa, nyavu zinashonwa, na mifuko inakauka kwa pamoja: ya mvuvi, ya mwanika dagaa, ya mama ntilie, ya kijana wa kibanda cha kuchaji simu. Kwenye mialo hii ndivyo kila mwezi unavyokwenda, na mtoto wa miaka kumi wa Katonga atakueleza bila kufikiri. Giza likirudi, fedha nayo inarudi.

Chukua sasa mkataba wa taa ya sola wa kulipwa kila siku, taa inayojifunga mteja akichelewa. Umetungwa kwa ajili ya mtu wa genge au bodaboda, anayeingiza kidogo kila jioni. Ulete ziwani bila kuugusa. Taa zitaanza kujifunga kijiji kizima kwa wakati mmoja, siku zilezile ambazo hakuna anayeingiza kitu, na kwenye kompyuta ya makao makuu kijiji hicho kitasomeka kama maskani ya wadaiwa sugu. Mtu wa takwimu atashauri kianzio kipandishwe kwa wateja wa mkoa huo. Mtu wa mwaloni angeshauri marejesho yafuate giza: mteja alipe zaidi siku za uvuvi, apumzike mbalamwezi. Mkopo uleule, mteja yuleyule, na jumla ya fedha haipungui hata senti. Ikikosekana busara hiyo, wanaofaidi ni wakopeshaji wa kausha damu, ambao kosa la kutoijua kalenda ya ziwa hawana kabisa. Wanaijua vizuri mno.

Ziwa Victoria kumekuwa na Simusolar, iliyoanzishwa 2014, ambayo iliwauzia wavuvi wa dagaa taa za sola kwa mkopo. Naitaja kwa sababu ilianza na chombo cha kazi. Taa ya sebuleni inamfanya mteja atoe. Taa ya kuvulia inamwingizia, na siku isipomwingizia, muuzaji anaelewa kwa nini. Kampuni inayokopesha nyenzo inalazimika kuijua kazi ya mteja hadi kwenye mwezi na upepo. Ningekuwa meneja wa kampuni kubwa anayetafuta mshirika kanda za ziwa, ningeanza na kampuni za aina hiyo, hata kama mawasilisho yao yana makosa ya tahajia.

Lakini meneja huyo hachagui peke yake, na hapa ndipo kampuni nyingi changa zinapopotelea. Anayekupenda ni mtu wa biashara. Anayekuchinja ni idara ya manunuzi. Utadaiwa cheti cha BRELA, namba ya mlipakodi, hati ya kutodaiwa kodi, leseni, mashine ya risiti, na hesabu zilizokaguliwa za miaka ambayo hujaitimiza. Kila kimoja kina sababu yake, na sitawadhihaki wanaovidai, maana kampuni iliyoorodheshwa sokoni haiwezi kumlipa mtu asiye na karatasi. Tatizo ni kwamba orodha ileile iliyoandikwa kwa ajili ya mkandarasi wa minara inatumika kwa vijana watatu wanaotaka kujaribu jambo katika vijiji vinne. Halafu kuna malipo. Ankara inalipwa baada ya siku 60, au 90, na kwa kampuni kubwa hizo ni siku tu. Kwa kampuni changa ni mishahara ya miezi mitatu. Zipo zilizokufa zikiwa na mkataba mzuri mezani.

Baada ya mtu wa biashara na idara ya manunuzi, kuna na mlango wa tatu, wa mitambo. Anayetaka kupokea marejesho kwa simu anahitaji namba ya malipo na mfumo wake uzungumze na mfumo wa kampuni ya simu. Anayeshika mlango huo anaweza kukufungulia, kukuchelewesha, au kuomba uwe wake peke yake. La mwisho ndilo la kuogopa. Kagunga mteja anatembea na laini tatu mfukoni, ikiwamo ya Burundi, na hakuna mshirika wa maana atakayemwambia achague moja.

Je, karatasi zile za manunuzi haziwezi kuzungukwa? Huzungukwa kwa mdhamini. Kalinzi, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, wanalima kahawa nzuri, na kwa miaka mingi kahawa hiyo iliondoka bila jina. Katikati ya miaka ya 2000 Green Mountain Coffee Roasters, kampuni kubwa ya kahawa ya Vermont, Marekani, ilianza kuinunua na kuiuza kwa jina la Gombe Reserve. Wakulima wa Kalinzi hawakuwa na njia ya kufika Vermont, na Vermont haikuwa na njia ya kuwajua wakulima. Katikati alisimama aliyejulikana na pande zote mbili, Taasisi ya Jane Goodall, iliyokuwa na mradi wake wa vijiji vya eneo hilo, TACARE, tangu 1994. Jane Goodall mwenyewe alifika Gombe mwaka 1960, na jina lake lilifungua milango ambayo cheti hakifungui. Kisha kahawa ikaonjwa, na ikajitetea yenyewe. Utaratibu huo ndio bora ninaoujua: jina la mtu mwingine likuingize ndani, mzigo wako ukubakize.

Vigezo vingine havitamkwi hata kwenye vikao. Novemba 2012 Safaricom ilipotaka kutoa mikopo midogo kwa simu, huduma ya M-Shwari, iliungana na Commercial Bank of Africa, benki ya matawi machache iliyozoea wateja wenye nazo. Mei 2014 Vodacom Tanzania ikafanya vilevile na benki hiyohiyo kwa M-Pawa. Mbona si benki yenye tawi kila wilaya? Mwenye matawi mengi ana cha kulinda. Atakuwa na maoni kuhusu kila mteja na kila kamisheni, na kesho atataka huduma iwe yake. Mkubwa humpenda mshirika asiye na sababu ya kushindana naye. Mtu wa Kigoma anayekwenda kujieleza Dar es Salaam afahamu hilo: udogo wake, kwa macho ya aliyeko upande wa pili wa meza, ni sifa. Akiahidi kuwa mkubwa upesi, huenda anajiharibia.

Na mshirika hufundisha asichoajiriwa kufundisha. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Vodafone iliichagua Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kwa sababu lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya vikundi. Watu wa majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Lau mshirika angekuwa kampuni ya ushauri ya Nairobi, yangeandikwa mapendekezo mazuri kuhusu marejesho, na Safaricom isingezindua Machi 2007 kitu ilichozindua.

Turudi kwenye ziwa, ambako sasa kuna jambo zito kuliko mbalamwezi. Mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Kwa samaki huenda ni nafuu. Kwa mkopo wowote uliofungamana na mvuvi, ni robo ya mwaka bila marejesho, na hatua hiyo imekusudiwa kurudiwa kila mwaka.

Anayebeba miezi hiyo ndiye anayetofautisha ushirika na utumwa wa kamisheni. Mikataba mingi ya aina hii humlipa mshirika mdogo asilimia ya kinachokusanywa. Ziwa likifungwa, asilimia ya sifuri ni sifuri, lakini vijana wake wa Mwamgongo, Ilagala na Buhingu lazima waendelee kulipwa, maana wakiondoka wanaondoka na ule ujuzi ambao kampuni kubwa iliufuata. Agosti 16 wavuvi watarudi majini wakihitaji taa, nyavu na mtaji kwa siku moja, na hatakuwapo anayejua nani ni nani. Kampuni changa ya Kigoma inayojiheshimu ingedai mambo mawili kabla ya kutia saini: malipo ya kudumu ya kila mwezi, hata yawe madogo, yasiyotegemea makusanyo, na ratiba ya mkopo inayosimama yenyewe tarehe 15 Mei bila mteja kuandikwa mdaiwa. Na mwanasheria wa upande wa pili akiuliza tarehe hizo zimetoka wapi, aonyeshwe tangazo la Serikali.